Daftari kabla ya kamera: namna ya kuweka mkusanyo wa makumbusho madogo mtandaoni

Katika makumbusho yetu madogo ya Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, wavu mmoja ulikuwa umetundikwa ukutani kwa miaka mingi, mpini wake mrefu uking'aa kwa kushikwa na mikono ya watu, na katika orodha yetu uliandikwa maneno matatu tu: “wavu wa samaki.” Tuliupiga picha, tukapendezwa na picha yenyewe, tukaiweka mtandaoni pamoja na maneno yale yale matatu. Hakuna aliyeitafuta, wala hakuna ambaye angeweza kuitafuta, kwa sababu nyavu za samaki duniani hazina idadi.

Baadaye mzee mmoja aliyekuwa mvuvi katika ujana wake alikuja hapa Ujiji akiwa na mjukuu wake, akasimama mbele ya wavu ule na kuutaja kwa jina: lusenga. Alieleza jinsi ulivyotumika usiku kuchotea dagaa, moto wa kuni ukiwaka mbele ya mtumbwi ili dagaa wapande juu kuufuata mwanga, na jinsi kazi ilivyobadilika zilipoingia taa za karabai na nyavu kubwa zinazoshushwa kutoka mitumbwi iliyofungwa pamoja. Alionyesha kwa mikono namna mpini unavyozungushwa ili mdomo wa wavu ugeuke kabla dagaa hawajashtuka. Yote hayo hayakuwamo katika picha yetu, na tusingemsikia siku ile yasingekuwamo popote.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba kitu huingia mtandaoni kwa maneno kwanza, kisha kwa picha. Anayetafuta huandika jina, na kama jina alilozoea kulisikia nyumbani kwao halipo kwenye kumbukumbu yenu, kitu hicho ni kama bado kimefungiwa kabatini. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye daftari kuliko kwenye kamera.

Nimewaandikia wale wanaotunza mikusanyo midogo katika mkoa wa Kigoma na kwa jirani zetu wa Tabora: chumba cha kumbukumbu shuleni, kabati la vitu vya kale katika parokia au msikiti, ofisi ya kata yenye majalada ya zamani, au familia yenye sanduku la picha chini ya kitanda. Historia kubwa ya mikoa hii imekwisha kuandikwa mara nyingi. Inajulikana kwamba mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta mmisionari na msafiri David Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, kwamba wawili hao walikaa pamoja Kwihara, karibu na mji wa Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872, na kwamba Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kinachokosekana ni vitu vya wenyeji wenyewe, vikielezwa na wenyeji wenyewe, kwa lugha wanayoizungumza.

Namba na daftari

Kabla ya kushika simu au kamera, kipe kila kitu namba yake. Namba iwe fupi na isiwe na maana nyingi ndani yake, kwa mfano KU-0001, KU-0002 na kuendelea, sifuri zikiwekwa mwanzoni ili kompyuta ipange vitu kwa mfuatano sahihi. Namba iliyotolewa haitolewi tena hata kama kitu kimepotea au kimerudishwa kwa mwenyewe. Usiandike namba kwa kalamu ya wino juu ya kitu. Funga kipande cha utepe wa pamba chenye namba, na kwa karatasi au picha andika nyuma, pembeni, kwa penseli laini na bila kukandamiza.

Daftari liwe la karatasi kwanza, lenye jalada gumu, kisha yaliyomo yanakiliwa kwenye jedwali la kompyuta. Nasema hivi kwa sababu umeme wetu hukatika na kompyuta huharibika, lakini pia kwa sababu mzee anayeeleza habari za kitu huzungumza kwa utulivu zaidi mbele ya daftari kuliko mbele ya kioo kinachowaka. Kwa kila kitu andika jina lake la Kiswahili, jina au majina yake katika lugha ya wenyewe, iwe Kiha, Kinyamwezi, Kibembe au nyingine, kimetengenezwa kwa nini, vipimo vyake kwa sentimita, kilitoka wapi, nani alikileta, alikileta lini, kwa masharti gani, na hali yake ya sasa.

Maelezo ya kitu yagawanye katika sehemu tatu, na usiruhusu zichanganyike: nilichokiona, nilichoambiwa, nilichokisoma. Chukua jembe la zamani la chuma. Nilichokiona ni kwamba lina umbo linalokaribia moyo, lina urefu wa sentimita kadhaa, na ncha yake haikuchakaa. Nilichoambiwa na aliyelileta ni kwamba lilitolewa mahari katika ndoa ya bibi yake. Nilichokisoma ni kwamba majembe ya chuma yalitumika kama mahari na kama kitu cha kubadilishana katika sehemu nyingi za magharibi ya nchi yetu. Habari hizi tatu zinasaidiana, kwa maana ncha isiyochakaa inakubaliana na habari ya mahari. Lakini msomaji wa kesho akigundua kwamba moja ina kosa, ataweza kuisahihisha bila kuzibomoa nyingine. Pale ambapo hamjui, andikeni “haijulikani.” Neno hilo ni la heshima kuliko tarehe ya kubahatisha, kwa sababu tarehe ya kubahatisha ikishaingia mtandaoni hunakiliwa na kugeuka kuwa ushahidi.

Jina mahususi lina thamani kuliko jina la jumla. Ukikuta kopo lenye vipande vidogo vya kioo vilivyotoboka katikati, vinavyofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika, usiandike “ushanga” ukaishia hapo. Huenda ni sofi, ushanga uliotumika kama fedha katika soko la Ujiji katika karne ya 19, na anayetafiti biashara ya misafara atatafuta neno hilo. Vivyo hivyo kwa nguo: merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, si kaniki, kitambaa cheusi, na aliyekuletea akisema kipande hicho kilikuwa doti moja, andika doti moja kama alivyosema, kisha upime na uongeze sentimita. Kipimo cha kale ni sehemu ya historia ya kitu.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu wa namna yake, kwa kuwa ziwa hili limepakana na nchi kadhaa na limepitia tawala kadhaa. Picha yenye maandishi “Albertville” ni ya mji wa Kalemie, na “Usumbura” ni Bujumbura. Wajerumani waliandika Uniamwesi walipomaanisha Unyamwezi, na katika hati za kale za Kizungu Ujiji huonekana kama Udjidji au Udschidschi. Andika jina la sasa kwanza, kisha jina lililoandikwa kwenye kitu chenyewe, herufi kwa herufi. Hata meli ina majina mawili: iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuinuliwa na Waingereza mwaka 1924, ndiyo hiyo hiyo iliyorudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kama mna msumari, tiketi au picha ya meli hiyo na mkaandika jina moja tu, nusu ya wanaoitafuta hawatafika kwenu.

Kazi hii ya daftari ndiyo ndefu kuliko zote, na msione haya ikiwachukua miezi. Makumbusho yenye vitu 60 vilivyoelezwa vizuri yanafaa kuwekwa mtandaoni kuliko yenye picha 600 zisizo na maneno.

Kupiga picha vitu

Kamera ya simu nzuri inatosha kuanzia. Zima mmweko (flashi), zima kila kitu kinacholainisha au kunogesha picha, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, na uisimamishe simu kwenye stendi ya kamera au juu ya mafungu ya vitabu ili isitikisike, ukitumia kipima muda cha sekunde mbili badala ya kuigusa wakati wa kupiga. Mwanga bora ni wa barazani asubuhi, kivulini, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja. Tandika kitambaa cha rangi ya kijivu au cheupe kisichong'aa, na uweke rula pembeni mwa kitu pamoja na kikaratasi chenye namba yake. Piga picha ya kwanza ikiwa na rula na namba, na ya pili bila hivyo, kitu kikiwa mahali pale pale.

Piga pande zote, pamoja na chini na ndani. Chini ya chungu ndiko kuliko na masizi yanayoonyesha kwamba kilipikiwa, na kwenye mpini wa kasia ndiko mara nyingine mwenyewe alikochonga alama yake. Nyufa na sehemu zilizotobolewa na wadudu zipigwe picha pia, kwa kuwa picha hizo zitawaambia watakaokuja kama uharibifu umeendelea.

Shika vitu kwa mikono miwili iliyooshwa na kukaushwa vizuri, na vile vya chuma au vya shaba uvishike kwa glavu, kwa sababu jasho huacha alama zinazogeuka kuwa kutu. Ngozi, manyoya na wanyama waliokaushwa katika mikusanyo ya zamani viliwahi kutiwa dawa za sumu dhidi ya wadudu, ikiwamo aseniki. Kwa hiyo usiviguse bila glavu, usivipulize vumbi, na osha mikono kabla ya kula.

Kuna jambo moja kuhusu mwanga ambalo lina mizizi yake papa hapa. Mwaka 1871, kabla ya kurudi Ujiji, Livingstone alikuwa Nyangwe, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani, maandishi yakikatiza juu ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na matunda. Wino huo ulififia hata maandishi yakawa karibu hayasomeki. Ilibidi watafiti wa Uingereza na Marekani wazipige picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho, kisha kompyuta itenganishe wino wa mwandishi na wino wa gazeti. Mwaka 2011 shajara hiyo iliwekwa mtandaoni na kila mtu akaweza kuisoma.

Mitambo ile hatuna, lakini kanuni yake tunayo: badilisha mwanga, na kitu kitaonyesha kilichofichika. Ingia katika chumba chenye giza, laza kitu mezani, washa tochi na uishike chini kabisa, pembeni, ili mwanga upite juu ya uso wa kitu badala ya kuupiga kutoka juu. Izungushe tochi polepole. Tulifanya hivyo kwa kibuyu kimoja cha tumbaku ambacho tulidhani hakina nakshi, na mistari miwili ya pembetatu ndogo ndogo ikajitokeza shingoni, iliyosuguliwa na vidole vya miaka hata jicho halikuiona mchana. Kuna herufi mbili pia, ambazo hadi leo hatujajua ni za nani, na katika daftari tumeandika hivyo hivyo.

Hati na picha za zamani

Kwa hati na picha za karatasi, skana bapa, ile yenye kioo cha kulazia karatasi, ni bora kuliko simu, ila kwa vitabu vilivyofungwa, ambavyo vikikandamizwa huvunjika mgongo. Hivyo vipigwe picha kutoka juu, vikiwa vimefunguliwa nusu na kuegemezwa pande zote mbili. Skani hati kwa nukta 300 au 400 kwa inchi (dpi), na picha ndogo za familia kwa nukta 600. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa maana umanjano wa karatasi na rangi ya muhuri vina habari yake.

Hifadhi nakala mama, yaani faili la kwanza lisilohaririwa, katika muundo wa TIFF, ambao haupotezi chochote, na usiiguse tena. Ukitaka kukata pembe au kuongeza mwanga, fanya hivyo kwenye nakala ya JPEG, muundo mwepesi wa picha. Ukurasa wa A4 kwa rangi na nukta 300 huchukua karibu megabaiti 26, hivyo kurasa 1,000 ni karibu gigabaiti 26, kiasi ambacho diski ya kawaida ya leo hukibeba bila shida. Faili lipewe namba ya kitu na herufi ya upande, kwa mfano KU-0147-a na KU-0147-b, bila nafasi katikati. Tarehe ziandikwe mwaka ukitangulia, yaani 1958-03-07, maana 7/3 kwetu ni Machi na kwa Wamarekani ni Julai.

Na upande wa nyuma uskaniwe daima. Hili nalieleza kwa uchungu. Bibi mmoja alituazima albamu ya picha za familia yake, akiwa na haraka ya kusafiri, nasi tukaskani mbele ya kila picha na kuirudisha albamu siku ile ile. Miezi baadaye, tulipoanza kuandika maelezo, tuligundua katika picha moja kivuli cha herufi kilichopenya kutoka nyuma. Nyuma ya picha zile kulikuwa na majina. Albamu ilikuwa imekwisha kwenda mbali na mwenyewe hakuwa hai tena. Tuna nyuso za watu waliovaa kanzu na magauni ya sikukuu, wamepangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na hatuwezi kumtaja hata mmoja wao.

Sauti

Maelezo ya wazee yarekodiwe, kwa idhini yao inayosikika mwanzoni mwa rekodi yenyewe, pamoja na tarehe, mahali na majina ya waliohudhuria. Tumia muundo wa WAV, ambao haupunguzi ubora wa sauti. Saa moja ya rekodi nzuri ya njia mbili (stereo) huchukua karibu gigabaiti moja. Kaa ndani, mbali na upepo wa ziwa na barabara ya bodaboda, na uweke kitambaa kizito mezani ili sauti isirudi. Mtu akianza kueleza kwa Kiha au kwa Kinyamwezi, usimkatishe ili aseme Kiswahili. Mwache amalize, kisha umwombe alirudie kwa Kiswahili. Maandishi ya mazungumzo yabebe lugha zote mbili.

Idhini, sheria na yale ya kutoonyeshwa

Kuwa na picha mkononi hakukupi haki ya kuichapisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hiyo huwa ya aliyeitengeneza kazi au warithi wake hata kama karatasi yenyewe ni yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inawahusu mnapotangaza habari za watu walio hai. Kwa vitu vya kale vyenyewe kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Zungumzeni na maofisa wa Mambo ya Kale kabla hamjaanza, si baada ya kuwekwa mtandaoni kitu ambacho hamkupaswa kuwa nacho. Majalada ya serikali yaliyosahaulika ofisini yapo chini ya sheria ya kumbukumbu na nyaraka, na hayaskaniwi kwa uamuzi wa mtu mmoja.

Andaeni fomu ya idhini ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye maswali yanayoeleweka: Je, picha ya kitu hiki ionekane mtandaoni? Jina lako litajwe? Watu wengine waruhusiwe kuitumia, hata kwa biashara? Isome kwa sauti mbele ya mtoaji, na nakala moja abaki nayo yeye. Ukitaka kutumia leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za matumizi zilizokwisha kuandikwa, mweleze maana yake kwa mfano, kwamba mtu wa mbali anaweza kuichapa picha hii kwenye kitabu na kukiuza mradi ataje ilikotoka; kama hakubali, chagueni leseni isiyoruhusu biashara au msiitoe kabisa.

Ujiji na Tabora zina jeraha ambalo mtunza kumbukumbu hana ruhusa ya kulichokonoa ovyo. Njia ya misafara ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu pia. Katika hati na masimulizi utakutana na habari kwamba ukoo fulani ulitokana na mtu aliyeletwa mtumwa, na ukoo huo uko mtaa wa pili, watoto wake wanasoma, wengine wanachumbiwa. Habari hiyo ni ya kweli na ni ya thamani, na haipaswi kutupwa. Lakini iandikwe katika daftari la ndani, wenyewe waulizwe, na mtandaoni iende tu kwa ridhaa yao. Wakikubali baada ya miaka kumi, itakuwa bado ipo.

Vivyo hivyo vitu vya tambiko, ambavyo vingine haviruhusiwi kuonwa na kila mtu. Mwulize mwenye mamlaka navyo, na akikataa picha, andika jina na maelezo aliyoyaruhusu, bila picha. Mabaki ya miili ya watu yasiwekwe. Makaburi na maeneo yenye vitu vya kale ardhini yatajwe kwa jina la kata tu, na kumbuka kwamba simu huficha ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa. Zima huduma hiyo kabla ya kupiga, au zifute kabla ya kupandisha.

Kuhifadhi, kisha kupandisha

Ukurasa wa maonyesho mtandaoni si ghala. Nakala mama ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo, kwa mfano diski moja ofisini, nyingine kwa taasisi rafiki iliyo mbali, Tabora au Dar es Salaam, na nakala ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni. Kila baada ya miezi sita fungueni diski na kujaribu mafaili kadhaa, kwa sababu diski hufa kimya kimya ikiwa kabatini.

Kuhusu mahali pa kupandisha, ushauri wangu ni kuanza na majukwaa yaliyopo badala ya kujenga tovuti yenu, kwani tovuti hudai malipo kila mwaka, na mwaka usipolipiwa kazi yote huzimika. Wikimedia Commons, hazina ya picha inayotumiwa na Wikipedia, hupokea picha bila malipo, ila hutaka leseni huru inayoruhusu hata biashara, kwa hiyo pelekeni huko vile tu ambavyo idhini yake inafika hapo. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni isiyo ya malipo, inafaa kwa hati ndefu na rekodi za sauti. Mkiwa na fundi na bajeti ya uhakika, programu ya Omeka imetengenezwa mahususi kwa makumbusho na maktaba, na inatumia vipengele 15 vya Dublin Core, utaratibu wa kueleza kitu ambao maktaba nyingi duniani zinaufahamu. Daftari letu la juu linaingia humo bila taabu.

Wageni wenu wa kwanza watakuwa na simu na bando dogo. Picha za kuonyesha ziwe na upana wa pikseli 1,200 hivi na uzito usiozidi kilobaiti 300, na maelezo ya kitu yatangulie picha ili yasomeke hata kama picha imekwama. Kiswahili kitangulie, Kiingereza kifuate pale penye mtu wa kukiandika vizuri. Anzeni na vitu 20 vilivyokamilika, muwapelekee waliovitoa waone kwa simu zao kabla watu wengine hawajavijua, na msikilize watakachosema.

Wakati huo huo tafuteni vya kwenu vilivyo ugenini. Makumbusho za Ulaya, hasa za Ujerumani, zina vitu na picha kutoka Unyamwezi na pwani ya ziwa vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, na baadhi ya orodha zao ziko wazi mtandaoni. Tafuteni kwa tahajia zile za kale nilizozitaja. Mkikuta kibuyu au kigoda kilichoandikwa “chombo, Afrika Mashariki,” waandikieni jina lake halisi na namna kinavyotumika, na katika ukurasa wenu wekeni kiungo cha ukurasa wao.

Masahihisho yatakuja, na mengi yatakuja kwa ujumbe wa simu usiku: “Huyo wa tatu kutoka kushoto ni babu yangu.” Teueni mtu mmoja wa kuyapokea. Kila sahihisho liingizwe katika daftari la karatasi kwa tarehe, pamoja na jina la aliyelileta ikiwa ameridhia, na maandishi ya zamani yakatwe kwa mstari mmoja tu ili yaendelee kusomeka, kisha ndipo ukurasa wa mtandaoni ubadilishwe. Ukifungua daftari letu kwenye namba ya ule wavu, utaona maneno “wavu wa samaki” yamekatwa hivyo, na juu yake, kwa penseli, lusenga.